Vigelegele Tulivyompigia Mzee Asajile

Ninyi mlioingia kliniki ya wagonjwa wa nje juzi, na sare zenu zilizopigwa pasi mpaka zinakata, haya nimewaandikia ninyi. Kaeni chini msome. Najua mnasoma simu huku mnatembea. Hii msiisome hivyo, mtajigonga kwenye machela. Mimi nimestaafu. Nakaa Kihesa, napalilia mboga zangu, na bado mtu akikohoa kanisani namgeukia nisikie kama ni kikavu au kina makohozi. Mchungaji amenizoea.

Shule yangu ni darasa la saba, na hilo la saba nililimalizia shambani zaidi kuliko darasani. Msitafute humu majina ya dawa. Nitawaambia habari za mizani, benchi, pazia, na watu waliotaka kuacha tumbaku. Vyeo na mishahara sitavitaja. Mishahara mnaijua wenyewe, na vyeo sikuwa navyo.

Nimezaliwa huku Iringa, ila kazi nilianzia Mbeya, kwa sababu mume wangu alikuwa fundi wa reli na tukapata nyumba Iyunga. Kwanza nilipiga deki wodini. Baadaye wakanihamishia kliniki, niwe mhudumu chini ya Sista Yuditha, muuguzi wa kutoka Tukuyu, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo ukiisikia unasimama. Asubuhi ile ya kwanza alinipeleka kwenye mizani iliyokuwa pale koridoni, mbele ya benchi refu la wagonjwa, akaniambia:

"Mama Neema, mtu akipanda hapa mwangalie miguu kwanza, ndipo uangalie namba. Namba haikimbii."

Nikaona ananichukulia kama mtoto. Lakini nikaangalia miguu. Miguu inasema mengi: iliyovimba, iliyopauka, yenye kidonda kilichofungwa kwa kipande cha khanga, kiatu kimoja kimekatwa mbele ili vidole vipumue. Mpaka leo mgeni akiingia kwangu namwangalia miguu kabla ya uso. Wajukuu wanasema naangalia kama wamevua viatu. Hilo nalo ni kweli.

Kazi yangu ilikuwa kupima uzito na kutangaza kilo kwa sauti, ili muuguzi aliyekaa mwisho wa koridoni aandike kwenye kadi. "Sitini na mbili!" "Themanini na tisa!" Hapo benchi lote linageuka kumtazama huyo wa themanini na tisa. Ndivyo tulivyofanya, hakuna aliyeona ubaya.

Kisha likaja agizo kwamba kila mgonjwa wa presha, wa kifua, wa sukari na wa vidonda aulizwe kama anatumia tumbaku, na anayetumia asaidiwe kuacha. Agizo zuri. Wakasema swali liulizwe kwenye mizani, kwa kuwa kila mtu anapita hapo. Basi nikawa nauliza kwa sauti ileile ya kilo: "Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Wewe baba, unavuta sigara?"

"Mimi? Hapana, mama."

Vidole vya njano, meno ya kahawia, koti linanuka moshi mpaka macho yangu yanawasha, na jibu ni hapana. Wangesemaje? Pembeni yake amekaa mzee wa kanisa lake. Nyuma yake amekaa mama mkwe. Kwa majibu niliyopata mwaka ule, Mbeya nzima haikuwa na mvutaji, na yule mama aliyeuza maandazi na sigara moja moja nje ya geti alikuwa anajiuzia mwenyewe.

Siku moja alikuja bibi wa Kisafwa kutoka huko milimani, mdogo kama kifurushi. Nikamuuliza kama anavuta. "Sivuti kabisa," akasema, "sijawahi." Akapanda mizani, fundo la khanga likafunguka, likaanguka kopo la ugoro, likabiringika mpaka kwenye viatu vya daktari. Bibi akaniangalia bila hata kupepesa.

"Umeniuliza kuvuta," akasema. "Hujaniuliza kunusa."

Hapo Sista Yuditha alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini kuanzia siku ile tukabadili swali. Halikuwa tena unavuta au huvuti. Likawa: "Tumbaku umetumia mara ya mwisho lini, iwe sigara, kiko au ugoro?" Ukiuliza hivyo, kwa sauti ya kawaida kama unauliza habari za mvua, mtu anafikiri siku badala ya kufikiri aibu. Lishikeni hilo swali. Hata mkisahau yote niliyoandika humu, swali hilo likae.

Sasa nije kwa Mzee Asajile.

Mzee Asajile alikuwa fundi wa majiko pale Mwanjelwa. Mnawajua wale mafundi wa bati: wanakaa chini, wanabana bati kwa nyayo, mkono mmoja patasi, mkono mwingine nyundo. Mguu kwao ni koleo. Alikuja kliniki na vidole vya mguu wa kushoto vimeanza kuwa vyeusi, na kidonda juu ya kimoja kilichokataa kupona. Daktari wa vidonda, kijana mpole, alimpima, akakaa naye uso kwa uso.

"Mzee, mishipa inayopeleka damu mguuni inaziba. Dawa nitakupa, kidonda tutakisafisha. Lakini tumbaku ndiyo inayoziba. Ukiendelea, huu mguu tutaukata."

Mzee akautazama mguu wake muda mrefu. "Daktari," akasema, "nikikatwa mguu, bati nitalishika na nini?"

Hakusema nitatembeaje.

Sista Yuditha akamchukua. Hakumhubiria. Alimuuliza sigara ya kwanza anavuta saa ngapi, na akiwa anafanya nini. Akasema anavuta alfajiri, anapowasha moto wa kuyeyushia risasi ya kuungia bati, kabla hajatia kitu mdomoni. "Basi tuanzie hapo," Sista akasema. "Ukiamka, uji kwanza. Moto awashe mwanao. Mfukoni mwako pale panapokaa paketi, pakae mahindi ya kukaanga." Dawa za kubandika na za kutafuna tulizisikia tu wakati ule, kwetu hazikuwepo, mkiwa nazo ninyi, zitumieni, msizifungie kabatini zikaisha muda. Sisi tulikuwa na mahindi ya kukaanga.

Mke wake, Mama Tusa, alikuja wiki iliyofuata amechoka.

"Sista, mzee amekuwa mkali. Jana amegombana na jogoo."

"Nani alishinda?" nikauliza.

"Jogoo yuko kwa jirani, amehama."

Sista akamwambia, "Mama Tusa, si yeye huyo, ni tumbaku inamtoka. Wiki hizi akisema neno, usijibu. Mpe maji, mpe kazi ya mikono. Itapita." Na hili pia mliweke akilini: anayeacha tumbaku nyumbani ana mtu anayeumia pamoja naye. Mwiteni huyo mapema. Mkimsahau, yeye ndiye atakayekwenda dukani kumnunulia sigara ili nyumba itulie.

Mzee Asajile akaacha. Kidonda kikaanza kufunga pembeni, nyama nyekundu nzuri. Kila Jumanne akija kusafishwa kidonda alinionyesha mahindi mfukoni kama mtoto anayeonyesha daftari.

Wakati huo sisi kliniki tulikuwa na furaha, na furaha yetu ikatupa wazo. Kila asubuhi kabla ya kuanza huwa kuna somo la afya. Sista akasema, kwa nini tuhubiri sisi, wasimame walioacha wenyewe waseme. Mnaelewa ninyi watu wa huku: kwetu mtu akipata neema anasimama mbele ya kusanyiko anashuhudia. Tukalileta kanisa kliniki. Na ilifaa, sisemi haikufaa. Mtu akishuhudia, siku ile wawili watatu wanatufuata pembeni kuuliza wanaanzaje.

Zamu ya Mzee Asajile ilipofika alikuja amevaa koti lake la Jumapili. Yeye ni mwimbaji wa besi kwenye kwaya, sauti inatoka kama kwenye pipa. Akasimama mbele ya benchi lote, akasema alivyoanza kuvuta akiwa kijana anachunga ng'ombe, alivyokuwa mtumwa wa kitu kidogo kuliko kidole, na kwamba sasa ameshinda, yameisha, hatashika tena. Benchi likapiga makofi. Mimi nikapiga vigelegele. Nina mapafu mazuri. Watu wa maabara walitoka kuangalia kama kuna harusi. Akatoka pale anashikwa mikono na watu asiowajua. Bwana harusi kabisa.

Baada ya hapo hakuonekana.

Jumanne ya kwanza tukasema labda ana kazi. Jumanne iliyofuata alikuja Mama Tusa peke yake kuchukua dawa. "Mzee amesafiri," akasema, "amekwenda Kyela, kuna msiba." Tukampa pole, tukampa dawa. Akaja tena. "Bado yuko Kyela. Mambo ya msiba hayajaisha." Tukampa tena. Kisha siku moja, akiwa ameshageuka kuondoka, akarudi dirishani, akasema kwa sauti ndogo, "Na bandeji, kama zipo."

Nikamwita pembeni.

"Mama Tusa. Mzee amesafiri, mguu ameuacha?"

Akacheka. Kile kicheko kikageuka kikawa kilio, nikamwingiza kwenye stoo ya shuka, nikafunga mlango.

Ni kweli kulikuwa na msiba Kyela, wa kaka wa mzee, lakini alishazikwa siku nyingi na mzee alisharudi. Kwenye kilio, wanaume wamekaa nje na moto wao, mtu akampa sigara kama mnavyompa mfiwa. Akavuta moja. Kesho yake akavuta nyingine. Sasa alikuwa anavuta kuliko zamani.

"Na mguu?"

"Unanuka, mama. Usiku analala na mguu nje ya blanketi, anauning'iniza, anasema ukiwa juu unauma zaidi." Na huo ulikuwa mwezi wa saba, mnaujua mwezi wa saba wa Mbeya kwa baridi.

"Kwa nini haji?"

"Atakujaje? Alishasimama mbele za watu. Anasema yeye sasa ni kama mtu aliyetengwa kanisani. Akirudi mtamsimamisha tena mbele ya benchi atubu ndipo mumrudishe kundini. Anasema bora mguu."

Bora mguu. Nilimsikia Mama Tusa akisema hivyo, na nje nikasikia mgonjwa mwingine anaanza ushuhuda wake na benchi linapiga makofi.

Nilimweleza Sista Yuditha tulipokuwa tunakusanya kadi. Hakujitetea, na hakunilaumu mimi na mapafu yangu. Alikaa kwenye benchi, pale pale wanapokaa wagonjwa.

"Tumemfungia mlango kwa makofi," akasema.

Baadaye kidogo akasema, "Yule dereva wa lori aliyeshuhudia Pasaka, umemwona?"

"Sijamwona."

"Na yule mwalimu?"

"Sijamwona."

Kisha akaniuliza mambo ambayo niliona hayahusiani.

"Mama Neema, mkaa wako unanunua wapi?"

"Mwanjelwa."

"Na jiko lako lina hali gani?"

"Zima kabisa."

"Jumamosi litaharibika," akasema, akabeba kadi zake.

Jumamosi asubuhi nikalipiga jiko langu teke mbele ya mume wangu. Likabonyea ubavuni. Akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia niko kazini. Akarudi kwenye chai yake. Alikuwa mwanaume mwenye akili.

Pale Mwanjelwa kwenye safu ya mafundi bati usijaribu kumwita mtu kwa jina, kelele za nyundo zinameza kila kitu. Nilimwona yeye kabla hajaniona. Alikuwa amekaa kwenye gunia, mguu wa kushoto umefungwa kitenge na umenyooshwa pembeni, analibana bati kwa mguu mmoja tu na goti. Bati lilikuwa linamkimbia. Aliponiona, mkono ulienda chini haraka, na sigara ikaingia chini ya beseni alilokuwa amelifunika pembeni yake. Moshi ukaendelea kutoka chini ya beseni taratibu, kama ndani kuna mtu anapika.

Sikuliangalia beseni.

"Ugonile, mzee wangu," nikamwamkia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mama. Umepotea njia?"

"Jiko limebonyea."

Akalipokea, akaligeuza huku na huku. "Hili halikuanguka," akasema. "Hili limepigwa teke."

"Nilikuwa na hasira."

"Ninyi watu wa Iringa na hasira zenu! Siku nyingine upige ukuta, jiko lina kosa gani?" Akacheka, na mimi nikacheka, na moshi ukatoka chini ya beseni.

Akaanza kulinyoosha. Aligonga kidogo, akaacha.

"Mama Tusa amekuja kusema."

"Mama Tusa amekuja kuchukua bandeji."

Akagonga tena. Akaacha tena. Safari hii hakuninyanyulia macho.

"Nitapitaje, mama? Lile benchi lote linanijua. Walinishika mikono. Nilisema nimeshinda."

"Usipite kwenye benchi. Kuna mlango wa nyuma, wa stoo ya shuka. Jumanne nitakuwa nimesimama pale."

"Na nikifika nitasema nini?"

"Kwangu hutasema kitu. Sista atakuuliza umevuta mara ya mwisho lini, utamjibu. Basi."

"Na vile vigelegele?"

"Vilikuwa vyangu, nimeshavirudisha," nikamwambia. "Njoo mikono mitupu."

Akanitazama. Kisha akalifunua beseni. Sigara ilikuwa bado inawaka. Mngependa niwaandikie kwamba aliikanyaga. Hakuikanyaga. Aliiokota, akavuta mpaka mwisho, na mimi nikakaa kwenye kigoda cha wateja nikamsubiri amalize. Alipomaliza nikamwambia tena, "Jumanne," nikachukua jiko langu nikaenda.

Jumanne ile nilisimama kwenye mlango wa stoo mpaka nikaanza kuonekana kama mwizi wa shuka. Foleni ilikuwa imepungua, nimeshakata tamaa, ndipo nikawaona wanakuja kwa nyuma ya jengo la kufulia: Mama Tusa mbele, mzee nyuma, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, anachechemea kwa fimbo. Nikawafungulia. Sista Yuditha alikuwa ndani, ameweka kiti.

"Karibu, Mzee. Umetumia tumbaku mara ya mwisho lini?"

"Leo asubuhi."

"Ahsante kwa kusema kweli. Tunaanzia hapo."

Hayo tu. Hakuuliza kwa nini. Nikaona mabega ya mzee yanashuka, kama mtu anayetua mzigo wa kuni.

Daktari akaja stoo ile ile, akapiga magoti sakafuni kufungua kitenge. Harufu ilikuwa mbaya, lakini hakukunja uso, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Vidole viwili havikuwa na matumaini, vikakatwa wiki ile. "Mguu bado tunaweza kuupigania," alisema, "lakini sitakudanganya mzee, nusu ya dawa iko kwako." Mzee akaitikia kwa kichwa tu.

Mnataka kujua kama aliacha palepale. Hapana. Aliacha, mvua zilipoanza akateleza tena. Ila mara hii hakusingizia Kyela. Kesho yake tu nilimkuta ameshakaa kwenye kiti ndani ya stoo, kabla sijafungua dirisha.

"Mama Neema," akasema, "nimeteleza jana."

"Umekunywa uji?"

"Nimekunywa."

"Panda mizani," nikamwambia. Maana sasa mizani ilikuwa imehamia stoo.

Hiyo ndiyo siku niliyojua kwamba atapona. Siku aliyoacha tulishaiona mara mbili na haikutusaidia. Siku aliyoteleza akaja kesho yake, hiyo ndiyo ilikuwa siku. Akaanza tena, na mara hiyo ikashika. Kidonda kilifunga. Mguu haukukatwa.

Habari ya kuhamisha mizani ilikuwa hivi. Ushuhuda wa asubuhi tuliuacha. Somo la afya likabaki somo. Sista akaomba mizani itoke koridoni. Akajibiwa hakuna nafasi, jibu mnalolijua. Basi tukatoa kabati la mafaili ya zamani kwenye stoo ya shuka. Daktari alisukuma upande mmoja, mimi na Sista upande mwingine, na chini ya kabati tukakuta panya na ukoo wao wote. Tukaweka mizani, viti viwili, na mlangoni Sista akatundika kitenge chake mwenyewe cha nyumbani, cha bluu chenye ndege. Mgonjwa akawa anaingia mmoja mmoja. Kilo zake akazijua yeye na mimi. Swali akaulizwa humo. Tukaanza kupata majibu ya kweli mpaka tukaogopa: wazee wa kanisa, walimu, akina mama wenye vikopo vya ugoro, na hata mmoja wetu wa idara nyingine, ambaye sitamtaja, alikuja kupima uzito mara nyingi kuliko uzito wake ulivyohitaji.

Na asiyeonekana tulimpigia simu. Sista alikuwa na namna yake, iigeni. Hakusema, "Mbona hukuja?" Alisema, "Tumekuwekea kiti." Yule mwalimu alirudi kwa maneno hayo. Yule dereva wa lori hakurudi. Simu yake iliita, ikaita, mwisho ikawa haipatikani. Namkumbuka kuliko wote waliorudi.

Mume wangu alipostaafu reli tukarudi Iringa, na mimi nikahamishiwa hospitali ya huku. Sista Yuditha wakati huo alikuwa anamaliza kazi. Siku ya kuagana alipanda kiti, akashusha kile kitenge cha ndege, akakikunja akanipa.

"Huko Iringa mizani iko wapi?" akauliza.

"Sijui bado."

"Iko koridoni," akasema.

Ilikuwa koridoni. Kitenge nilikitundika wiki ya kwanza.

Huku nilijifunza mengine. Kwa Wahehe wenzangu usiulize tumbaku bila kuuliza ulanzi, pombe yetu ya mianzi, hasa kipindi cha mvua mianzi inapotoa. Mtu atakuapia kwamba ameacha, na ni kweli ameacha, isipokuwa akishika kopo la ulanzi. "Hiyo si sigara, mama, hiyo ni ya ulanzi." Mpange naye jioni zake, siyo mapafu yake: akae na nani, arudi kwa njia ipi, mkono ushike nini. Na mkimwamkia mzee "kamwene" mkainama kidogo kabla ya swali lolote, mtaokoa nusu ya muda wenu.

Sista Yuditha alifariki kwao Tukuyu, nikaenda kumzika. Pale msibani kwenye kwaya nilisikia besi inatoka kama kwenye pipa. Nikageuka. Alikuwa amesimama mstari wa nyuma, mweupe kichwa chote, amesimama kwa miguu yake miwili. Tulipomaliza kuzika akanijia, akaniletea jiko. Alikuja nalo kutoka Mbeya mpaka makaburini, mnaona watu hawa. Bati nene, mlango unafunga vizuri.

"Hili," akasema, "ukilipiga teke utaumia wewe."

Ndilo ninalopikia mpaka sasa.

Namaliza kwa jambo la nyumbani, kwa sababu nisipolisema mtadhani kliniki ni kliniki na nyumbani ni nyumbani. Mwanangu Enoki ni dereva wa magari makubwa, na anavuta. Krismasi moja, mbele ya ukoo wote, alisimama akasema ameacha. Shangazi zake wakaruka, wakaimba, wakamwombea, nyumba ikatikisika. Mimi nilikuwa jikoni nageuza nyama, nikasikia, nikaacha kugeuza.

Pasaka hakuja. Alisema yuko safarini. Ubatizo wa mtoto wa Neema hakuja. Safarini. Kaburi la baba yake tulilijengea bila yeye, safarini. Neema akasema mdogo wake amekuwa mtu wa pesa, ametusahau. Nikamwambia nyamaza, wewe hujui habari za kusafiri.

Juma lililopita nikampigia.

"Enoki, jiko langu limebonyea. Njoo ulitazame."

"Mama, mimi ni dereva, siyo fundi."

"Najua. Njoo."

Nikamsikia anazima injini. "Jumapili," akasema.

Basi nikawaita wote jikoni, Neema, wajukuu, na wale mawifi zangu wawili wenye sauti, nikawaambia wakiwa wamesimama: Enoki anakuja Jumapili. Kiti chake kiwe pale kinapokaa siku zote. Asinuswe shati mlangoni, wala asiulizwe alikuwa wapi. Nitamuuliza mimi, tukiwa wawili, tunamenya viazi. Akisema amevuta leo asubuhi, mpeni chai. Akisema ameacha, mpeni chai ileile. Na atakayepiga vigelegele atalala kwa jirani.